Mchanganuo au kisa: njia ipi ya kufundishia ujasiriamali?

Mwalimu akipangiwa somo la ujasiriamali, iwe chuo cha ufundi, chuo kikuu au semina ya vikundi vya vijana kwenye kata, uamuzi wa kwanza unaomkabili ni huu: wanafunzi waandike mchanganuo wa biashara, kila mmoja na wazo lake, au wakae wajadili visa vya biashara za watu wengine? Muhula mmoja, ukitoa wiki za mitihani na sikukuu, hautoshi kuzitendea haki njia zote mbili. Wengi huishia kuchukua ile waliyofundishwa nayo wao. Naandika haya kwa anayetaka kuchagua akiwa na sababu.

Tuelewane kwanza. Mchanganuo ni andiko la biashara ambayo bado haipo: bidhaa, wateja, washindani, mtaji, gharama, mauzo yanayotarajiwa, mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi. Kisa ni maelezo ya biashara iliyopo au iliyowahi kuwepo, mwenye nayo akiwa njia panda, pamoja na takwimu alizokuwa nazo siku hiyo. Maelezo yanaishia pale pale, kabla ya uamuzi. Darasa linasoma, linashika pande, linabishana.

Asili ya kila njia inaeleza mengi kuhusu inachoweza na isichoweza. Kisa kilitoka kwenye sheria. Mwaka 1870 Christopher Langdell alianza kufundisha sheria Harvard kwa kutumia hukumu halisi za mahakama. Shule ya biashara ya chuo hicho, iliyofunguliwa 1908, iliiga mtindo huo miaka ya 1920 chini ya mkuu wake Wallace Donham, ambaye mwenyewe alisomea sheria. Tangu mwanzo, basi, kisa kilikusudiwa kumzoesha mtu kuamua. Mchanganuo ulikulia mezani kwa mwenye fedha. Benki na wawekezaji walitaka karatasi kabla ya kutoa hela, na vyuo vikaanza kuwaandaa wanafunzi kwa karatasi hiyo. Mwaka 1984 mashindano ya michanganuo yalianza Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, na mfano huo ukaenea. Kwetu mchanganuo uliingia kwa mlango wa ufundi na miradi ya vijana. Mafunzo ya Shirika la Kazi Duniani ya kuanzisha biashara humfikisha mshiriki kwenye kuandika mpango wake, na Kenya watahiniwa wa kozi za ufundi za KNEC, baraza la mitihani la taifa, wamekuwa wakiwasilisha mpango wa biashara kama sehemu ya mtihani.

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano: kinachobaki kwa mwanafunzi, maandalizi ya mwalimu, ukubwa wa darasa na muda, usahihishaji, na faida yake baada ya masomo. Katikati nitaweka ushahidi wa tafiti, kwa sababu upo na unafaa kujulikana. Uzito wa kila kigezo unategemea darasa lako. Kwangu cha kwanza ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho nitakachokaa nacho zaidi.

Kinachobaki kwa mwanafunzi

Mchanganuo unafundisha jambo ambalo mjadala hauwezi kufundisha: wazo likiingizwa kwenye hesabu hubadilika sura. Chukua mradi unaopendwa na karibu kila darasa, kuku wa nyama. Tuseme mwanafunzi anapanga vifaranga 200 kwa shilingi 1,800 kila kimoja, jumla 360,000. Chakula kilo tatu na nusu kwa kila kuku hadi auzwe, yaani kilo 700, mifuko 14 ya kilo 50. Mfuko akiukadiria 75,000, ni 1,050,000. Chanjo, pumba na mkaa 150,000. Jumla ya gharama 1,560,000. Anauza kuku 200 kwa 9,000, anapata 1,800,000. Faida 240,000. Mwanafunzi anatabasamu.

Sasa mwulize: hakufa hata mmoja? Wakifa 16 wiki ya mwisho, wakiwa wameshakula, mauzo yanashuka hadi 1,656,000 na faida inabaki 96,000. Mfuko wa chakula ukipanda kwa 7,000 tu, gharama zinaongezeka 98,000. Hapo tayari ana hasara ya 2,000, na bado hajajilipa yeye mwenyewe wala hajahesabu banda. Hakuna mhadhara unaoweza kumwingizia mtu somo hilo kama hesabu aliyoiandika kwa mkono wake ikimgeuka. Hapa ndipo mchanganuo unapoonyesha thamani yake, na sijaona njia nyingine inayoufikia.

Udhaifu wake uko hapo hapo. Mwanafunzi anayetaka alama anajua kwamba faida lazima itokee kwenye ukurasa wa mwisho, hivyo anaanza na faida na kurudi nyuma kupika takwimu. Mchanganuo ulioandikwa bila kutoka chuoni, bila kumwuliza muuza vifaranga hata mmoja, unamfundisha kijana kwamba biashara ni uandishi wa matumaini kwenye jedwali.

Kisa kinajenga kitu kingine: uwezo wa kuamua wakati taarifa hazitoshi na watu wenye akili wanakupinga. Mfano wa kisa kifupi: mama lishe anapika kando ya jengo linalojengwa. Anauza sahani 80 kwa siku, nusu yake kwa mkopo hadi mafundi walipwe. Msimamizi amemdokeza kuwa kazi itaisha baada ya miezi mitatu. Shule ya jirani inamtaka apikie walimu 30 kila siku, kwa bei ya chini kidogo, malipo mwisho wa mwezi. Ana msaidizi mmoja, na kikoba kinamdai. Afanye nini kufikia Jumatatu?

Mwanafunzi wa kwanza atasema akubali, shule ni mteja wa kudumu. Wa pili atauliza mchele na mafuta ya mwezi mzima atavinunua kwa hela gani. Wa tatu atakumbuka kwamba jengo likiisha, mafundi wataondoka na madeni yake. Mwingine atapendekeza aombe shule ilipe kila wiki, na hapo darasa litagundua kwamba hata masharti ya malipo ni jambo la kupatana. Ndani ya saa moja wamejifunza mtaji wa kuendeshea biashara, hatari ya kumtegemea mteja mmoja na namna ya kukopesha, bila mwalimu kuandika fasili yoyote ubaoni.

Kasoro ya kisa ni kwamba maamuzi ya darasani hayamgharimu mtu. Ni rahisi kuwa jasiri kwa hela ya mama lishe. Kasoro ya pili huletwa na walimu wenyewe: kisa kinageuzwa hadithi ya shujaa. Darasa linasimuliwa jinsi tajiri fulani alivyoanza na genge akaishia kuwa na viwanda, wanafunzi wanapiga makofi, kipindi kinaisha. Hiyo inaweza kutia moyo, lakini haimwachii mwanafunzi chochote cha kuamua.

Tafiti zinaonyesha nini

Kuhusu michanganuo, ushahidi mzito zaidi barani kwetu ni wa Nigeria. Serikali iliendesha mashindano ya michanganuo yaitwayo YouWiN kuanzia 2011. Karibu watu 24,000 waliomba, na 1,200 wakapewa ruzuku ya wastani wa dola 50,000. Mchumi David McKenzie aliwafuatilia. Sehemu ya washindi walichaguliwa kwa bahati nasibu, na miaka mitatu baadaye hao walikuwa mbele kabisa ya wenzao waliokosa: wengi zaidi walikuwa na biashara hai, na walikuwa wameajiri watu zaidi. Lakini yeye na mtafiti mwenzake Dario Sansone walipoangalia kama alama za majaji kwenye michanganuo zilitabiri nani atafanikiwa zaidi, hazikutabiri. Fedha ilifanya kazi. Alama za andiko hazikuona mbali. Na huko Marekani, mtafiti Amar Bhidé alipowahoji waanzilishi 100 wa kampuni zilizokuwa zikikua kwa kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, asilimia 41 walisema hawakuwa na mchanganuo wowote walipoanza.

Upande wa kujifunza kwa maisha ya wengine, Tanzania yenyewe ina somo. Mwaka 2011 kipindi cha Ruka Juu kilirushwa kwenye televisheni kuwaonyesha vijana wajasiriamali halisi wakishindana. Watafiti waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya elfu mbili wa sekondari. Waliohimizwa kukitazama walivutiwa zaidi na biashara, hasa wasichana, na baadhi wakaanzisha zao. Lakini kipindi kiliwapunguzia pia ari ya kuendelea na masomo, bila kuwapa kitu kingine cha uhakika badala yake. Kile kilikuwa burudani yenye mafunzo, si kisa cha darasani, lakini onyo linamhusu kila mwalimu anayetegemea nguvu ya hadithi: hamasa huja upesi kuliko ujuzi.

Kuna utafiti mwingine ambao nadhani unagusa njia zote mbili. Kule Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa: wengine mafunzo ya kawaida ya biashara, wengine mafunzo ya kujituma, yaani kutafuta fursa kabla ya kusukumwa, kupanga na kuvuka vikwazo, na wengine hawakupata mafunzo. Matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha kundi la kujituma likipandisha faida kwa asilimia 30. La mafunzo ya kawaida lilipanda asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizi uliolinganisha mchanganuo na kisa ana kwa ana. Ninachochukua kwao ni kwamba njia yoyote inayomwacha mwanafunzi akipokea tu itazaa kidogo.

Maandalizi ya mwalimu

Mchanganuo ni mwepesi kuanza. Fomu zipo, mihtasari ipo, na mwalimu mgeni anaweza kuongoza sura moja kila wiki. Ugumu unakuja baadaye, anapotakiwa kuujua uhalisia wa mawazo arobaini tofauti: huyu saluni, yule ufugaji wa samaki, mwingine kuchomelea mageti. Asiyejua bei ya chuma hawezi kumwambia fundi kwamba amejidanganya.

Kisa ni kinyume chake. Kazi yote iko mwanzoni. Visa vilivyochapishwa vingi ni vya Ulaya na Marekani na huuzwa, ingawa shule kama Strathmore Business School ya Nairobi hufundisha kwa njia hii na vipo vinavyohusu kampuni za Afrika. Kampuni maarufu zina tatizo jingine, mwisho wake unajulikana. M-Pesa ilijaribiwa Kenya kuanzia 2005 na wateja wa taasisi ya mikopo midogo, lengo likiwa kurahisisha marejesho; watu wakaanza kuitumia kutumiana hela, na Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007 ujumbe ukawa kutuma pesa nyumbani. Ukiuliza darasa la Nairobi timu ya M-Pesa ilipaswa kuamua nini, watakukariria. Geuza swali: Vodacom ilipoleta huduma hiyo hiyo Tanzania mwaka 2008, mwanzoni ilipanda taratibu zaidi. Kwa nini? Hapo hakuna wa kukariri.

Ushauri wangu ni kuandika visa vyako. Nenda kwa mwenye duka, fundi cherehani au muuza mbao, omba ruhusa, badilisha jina na mtaa, chukua takwimu za miezi michache na uamuzi mmoja uliomkosesha usingizi. Kurasa mbili zinatosha. Ukimwalika siku ya mjadala akae kimya nyuma, kisha mwishoni aeleze alichofanya, wanafunzi hawatakisahau kipindi hicho.

Ukubwa wa darasa na muda

Harvard hujadili kisa na watu wapatao 90 kwenye ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo, nao husoma visa takriban 500 kwa miaka miwili. Sisi tuna ukumbi wenye wanafunzi 250 na kipaza sauti kimoja. Kisa bado kinawezekana, lakini kwa vikundi vya watu kumi, kila kimoja kikiwa na mwenyekiti na kikikabidhi uamuzi wa ukurasa mmoja kabla ya mjadala wa wote. Kwa faida ya muda, kisa kinashinda katika jambo moja: kipindi kimoja kinajitosheleza. Semina ya siku mbili inaweza kubeba visa vinne.

Mchanganuo unahitaji wiki nyingi ili uwe na maana, kwa sababu mwanafunzi lazima aende sokoni, arudi, afute, aende tena. Kwenye darasa kubwa unagawanyika vizuri, kila mtu na lake. Kwenye semina ya siku mbili unabaki kujaza fomu.

Kusahihisha

Hapa pana maumivu kila upande. Michanganuo inanakiliwa. Steshenari karibu na vyuo zinaichapa kwa bei ya soda mbili tatu, jina likibadilishwa, na sasa akili mnemba inaandika kurasa ishirini kabla chai haijapoa. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutoa alama nyingi kwa ushahidi wa nje: bei zilizotajwa na wauzaji watatu, idadi ya wateja waliohesabiwa mlangoni pa mshindani kwa saa fulani, na kujitetea kwa mdomo dakika tano. Swali moja linatosha kuwapambanua: "Bei hii uliipata wapi?"

Kwenye kisa, wasemaji hujizolea alama na wakimya hupotea, na wakimya hao mara nyingi ni wasichana au wanaohangaika na Kiingereza. Ruhusu Kiswahili kwenye mjadala hata kama mtihani ni wa Kiingereza. Hoja zitapanda daraja papo hapo. Pima uamuzi ulioandikwa, na upime namna ulivyofikiwa. Wanafunzi wawili wenye majibu yanayopingana wanaweza wote kustahili alama ya juu.

Baada ya masomo

Mchanganuo unatoka darasani ukiwa karatasi yenye kazi. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi kinachoomba hutakiwa kuwa na andiko. Tony Elumelu Foundation, inayotoa dola 5,000 kwa wajasiriamali wa Afrika, nayo huwapitisha waombaji kwenye mafunzo na mchanganuo. Kijana asiyejua kuandika anaachwa mlangoni, au anaandikiwa na mtu kisha anashindwa kueleza andiko lake mbele ya afisa maendeleo ya jamii.

Kisa hakikupi cha kuambatisha kwenye barua ya maombi. Faida yake huonekana siku mteja mkubwa anapochelewesha malipo, au mwenye fremu anapopandisha kodi, na mtu anakumbuka kwamba aliwahi kuona njia nne za kulitazama jambo kama hilo. Kwa atakayeajiriwa benki au kwenye mfuko wa mikopo, kisa kinamfunza kusoma biashara ya mwenzake, ujuzi ambao mchanganuo haugusi.

Kwa hali yako

Kama wanafunzi wako wana ufundi mikononi, useremala, umeme, ushonaji, na mtihani unadai andiko, tumia mchanganuo. Anza na visa viwili vifupi vya mafundi waliowatangulia, ili sehemu ya gharama isiandikwe kwa kubahatisha.

Kama unafundisha shahada ya biashara na wengi hawajawahi kuuza hata karanga, visa viwe uti wa mgongo wa muhula. Andiko lao litakuwa la kubuni kwa sababu hawana wazo wanalolijali. Wape kwanza macho ya kuona biashara.

Kama washiriki wako tayari wanafanya biashara, mama lishe, wenye bodaboda, wauza mitumba, chukua visa, hasa vyao wenyewe wakivisimulia kwa zamu. Mchanganuo uwe kwa yule tu anayeenda kukopa.

Kama ni kikundi chenye tarehe ya mwisho ya maombi ya mkopo, usiwapotezee muda kwa mijadala. Kaeni na andiko, na kila mwanachama aweze kueleza ukurasa wa fedha, si katibu peke yake.

Kama ni sekondari, tumia visa vifupi vyenye hesabu ndogo ndani yake, na kisa kimoja angalau kiwe cha mtu ambaye elimu ilimfaa kwenye biashara.

Na kama ratiba inakuruhusu kuchanganya, jaribu mpangilio huu. Visa wiki tano za mwanzo, mchanganuo wiki zinazofuata, kisha wiki mbili za mwisho wanafunzi wabadilishane michanganuo na kila mmoja aipokee ya mwenzake kama kisa. Mwalimu anaongeza tukio moja tu: chakula cha kuku kimepanda, mshindani amefungua ng'ambo ya barabara, mshirika amejitoa na hela yake. Mwenye mchanganuo anakaa kimya robo saa akisikiliza wenzake wakiamua hatima ya biashara yake, halafu anapewa siku tatu kurekebisha hesabu.